Sifa ya Fundi wa Giaboksi

Zipo kazi ambazo heshima yake hudhihirika zinapokwisha, na ipo kazi ambayo heshima yake huanza pale ambapo wengine hudhani imekwisha. Hii ya pili ndiyo kazi ya fundi aliyeifungua giaboksi ya trekta, akaijenga upya kwa spea za mtumba, akaifunga, akaitia oili, akawasha injini, kisha akasikia ndani yake mlio usiostahili kuwamo. Saa ile nguvu za mikono zimekwisha kutoa zilichokuwa nacho. Kinachotakiwa sasa ni akili, stahamala na insafu, na kwa mtu aliyejaaliwa mambo hayo matatu pamoja ndiko sifa zangu zinakoelekea.

Katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, trekta si chombo cha kila mlango. Kibanja cha Mhaya, chenye migomba, mibuni na maharage katika kivuli kimoja, hakipitiki kwa jembe la kukokotwa, na jembe la mkono limekitunza vizazi kwa vizazi. Trekta hupata nafasi yake rweya, katika nyanda za majani, na mabondeni kunakolimwa mpunga, na msimu ukipita hukokota tela la mchanga, matofali au mikungu ya ndizi katika miinuko ya Kamachumu na Nshamba. Madhali trekta ni chache, wauza spea zake ni wachache pia, na kifaa aghalabu hutoka Mwanza kwa kuvuka ziwa, au Dar es Salaam kwa safari ndefu ya barabara, au Kampala kwa njia ya Mutukula. Mwenye trekta akiona kifaa kipya kimezidi uwezo wake, hununua kilichotumika. Wala halaumiwi, maana shamba halingoji.

Lakini kifaa kilichotumika huja na historia yake. Massey Ferguson 135, iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970, ingali ikifanya kazi mashambani mwa Afrika Mashariki; ile ya kawaida ina gia tatu za mbele ambazo mkono wa pili, wa kasi na wa polepole, huzifanya sita. Trekta za ukoo wake zimetengenezwa pia Yugoslavia, India na Pakistani, hata mezani pa fundi huweza kukutana gia za nchi mbalimbali, zilizofanana sura na kimo, ilhali moja imeizidi nyenzake kwa jino moja. Kwa hiyo fundi makini huhesabu meno kabla ya kuamini macho. Hujua pia kwamba gia mbili zilizosagana miaka mingi zimechongana hata kila moja ikalizoea umbo la mwenziwe, na ukiitenga moja ukaioza kwa nyingine, zitalalamika hata kama zote ni nzima. Krauni na pinioni ya difu ndizo zenye wivu kuliko zote: kiwandani hulinganishwa zikiwa jozi, na atafutaye amani hazitenganishi.

Mlio ukitokea, fundi mbichi hukimbilia spana, bali fundi aliyekomaa hukaa mithili ya kadhi aliyeletewa daawa, asimhukumu mtu kabla ya kuwasikiliza mashahidi wote. Katika karakana moja ya wazi, pembezoni mwa barabara ya Muleba, kijana alimwuliza mzee wake wa kazi, "Shikamoo mzee, tuifungue tena?" Mzee akaitikia marahaba, akasema, "Bado, mwanangu. Kwanza niambie inalia lini."

Katika neno hilo "lini" mna elimu nzima. Trekta ikiwa imesimama, gia huru, klachi haikukanyagwa, na mlio upo, kisha ukatoweka klachi inapokanyagwa, basi mtuhumiwa yumo katika shafti ya kuingilia na beringi zake, au katika gia zinazoshikana daima na shafti ya chini. Mlio ukianza pale klachi inapokanyagwa, tuhuma huiendea beringi ya klachi, na giaboksi haina hatia. Ukisikika katika gia moja tu, ushahidi unaielekea gia hiyo na mwenzi wake. Katika giaboksi nyingi za muundo wa kale gia ya juu huunganisha shafti ya kuingilia na ya kutokea moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Kwa sababu hiyo mlio ukitulia katika gia ya juu na kurejea katika nyinginezo, shafti ya chini imejitaja yenyewe. Na mlio ukifuata mwendo wa magurudumu badala ya mwendo wa injini, kesi huhamia nyuma, kwenye difu. Hayo yote hupatikana bila kulegeza bolti hata moja.

Gia zikikwaruza zinapoingia, mwenye insafu hupima kwanza uchezaji wa pedali ya klachi, maana trekta iliyokatwa katikati na kuungwa tena huweza kurudi na vidole vya klachi visivyo sawa, ikawa klachi haiachii sawasawa na lawama ikamwangukia asiyehusika. Gia ikichomoka trekta inapopanda mlima na mzigo, washukiwa ni wengi: springi iliyolegea, gololi iliyokula kitako chake, uma wa gia uliopinda, au meno yaliyoviringana ncha kwa miaka ya kuingizwa kwa nguvu. Na yupo mshukiwa mwingine, aliye tunu ya mafundi wenye macho: gia inayoteleza juu ya shafti ina upande mmoja ambao ncha za meno yake zimepunguzwa ili ziingie kwa ulaini katika meno ya mwenziwe, na ikivishwa kinyume, upande usiopunguzwa ndio unaokutana na mwenziwe, gia inaingia kwa shida na kushika kidogo. Kifaa ni kizima. Kilichogeuka ni mwelekeo tu.

Oili nayo ni shahidi asiyesema uongo. Fundi huichuruza kidogo katika kopo safi, akaipaka kitambaani, akaitazama juani. Chembe za rangi ya shaba humwelekeza kwenye bushi au washa. Vipande vya chuma vyenye kung'aa vyasema juu ya meno au beringi. Na oili iliyogeuka rangi ya maziwa yatangaza kuwa maji yameingia, pengine kwa mpira uliopasuka chini ya mkono wa gia, jambo lisilo la ajabu kwa trekta inayolala nje katika mji wa Bukoba, upatao karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Na katika ukoo wa 135 oili hiyohiyo huihudumia haidroliki, basi uchafu wa chumba kimoja huwa maradhi ya nyumba nzima.

Haifai kudhani kwamba busara ya namna hii imekuja Kagera pamoja na trekta. Katuruka, karibu na Bukoba, kuna mabaki ya ufuaji wa chuma wa yapata miaka elfu mbili iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, ambao kazi hiyo ilikuwa imekoma kwao tangu ujana wao kwa sababu ya chuma cha bei nafuu kutoka ng'ambo, walijenga tena tanuri na kufua chuma mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, walioieleza elimu hiyo katika jarida la Science mwaka 1978. Wazee wale hawakufaulu kwa jaribio la kwanza. Ilibidi wausome moto, wayasome makaa na mapovu ya chuma, waulize kilichokosekana, warekebishe, wawashe tena. Hiyo ndiyo kazi ileile ya fundi wa giaboksi: kujenga upya kitu kilichokwisha vunjika, kisha kukihoji mpaka kiseme.

Nayo inatufundisha wajibu wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mwenye trekta: amlipe fundi kwa saa za kusikiliza na kupima, si kwa saa za kufungua na kufunga peke yake, kwani fundi alipwaye kwa kufungua tu atafungua hata pasipohitajika. Wa pili ni wa fundi mwenyewe: awe na daftari, aandike idadi ya meno ya kila gia aliyoifunga, kila kifaa kilikotoka, dalili iliyosikika na sababu iliyopatikana. Elimu ya tanuri iliponea chupuchupu, ikiwa imebaki katika vichwa vya wazee wachache. Elimu ya giaboksi haina sababu ya kungoja hatari hiyo, maadamu kalamu ni rahisi kuliko beringi, na kijana atakayeirithi karakana atakuwa tayari anajua aanze wapi.