'Saa 1 kabla': Ujumbe mfupi uliompotezea mama saa sita

Majuzi mama mmoja, jirani yangu hapa Kangemi, alinionyesha ujumbe aliotumiwa kwenye simu na kliniki moja ya katikati ya jiji: "Miadi yako ni Jumanne saa 2:00. Fika saa 1 kabla." Mama alidamka, akapanda matatu saa kumi na moja na nusu alfajiri, akapita Westlands kungali na giza. Saa moja alikuwa langoni. Alihudumiwa saa nane mchana.

"Mwalimu, si nilifuata vile waliandika?" akaniuliza.

Alifuata. Ujumbe wenyewe ndio wenye kasoro, tena mbili.

Ya kwanza inafahamika. Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Mswahili huanza jua linapochomoza, kisha huanza upya linapotua. Pengo ni saa sita. Bila shaka programu ilihifadhi 14:00, ikaigeuza kuwa 2:00 ya Kiingereza, kisha mfasiri akabandika neno "saa" mbele yake. Mama akasoma saa mbili asubuhi, kama ambavyo ningesoma mimi.

Kasoro ya pili ndiyo inayonikera zaidi. "Saa 1 kabla" ni nini? Mwandishi alikusudia muda, yaani dakika sitini. Mama alisoma wakati: saa moja, kabla ya saa mbili. Maana zote mbili zilimpeleka langoni saa ile ile, ndiyo maana hakushuku lolote.

Waunda programu walikwisha kuutambua mtego huu. Lugha ya Python, tangu toleo lake la 2.3 la mwaka 2003, ina aina mbili tofauti za data: moja ya wakati, nyingine ya muda. Ukitoa wakati kutoka kwa wakati, unapata muda. Ukijaribu kujumlisha wakati na wakati, programu inakataa, kwa kuwa saa mbili asubuhi ukiongeza saa tatu asubuhi hakuna maana.

Sisi je? Sarufi sanifu huiweka saa katika ngeli ya I-ZI, umoja na wingi vikiwa sawa. "Saa tatu" basi ni wakati na pia ni muda. Lakini sikiliza watu stejini: "Nimengoja masaa matatu." Hapo hakuna utata. Kwa miaka mingi nimekata hilo "masaa" kwa kalamu nyekundu. Leo nakiri kwamba wasemaji walikuwa wakitenganisha kile ambacho sisi walimu tulikichanganya. Hata hivyo, "masaa" lisingemwokoa mama huyu, kwani muda wenyewe ulikuwa mmoja.

Dawa ni nyepesi. Programu ipige hesabu zake zote kwa mtindo wa saa 24, na igeuze mwishoni tu: itoe sita, jibu likiwa sifuri au pungufu, iongeze 12, likizidi 12, ipunguze 12. Kisha itaje kipindi cha siku: "Miadi yako ni Jumanne saa nane mchana. Fika saa saba mchana."

Jirani yangu ana miadi nyingine mwezi ujao. Nimemshauri apige simu kwanza, aulize kama ni asubuhi ama mchana.