Jozi Tatu kwa Tairi Moja

Nimezivaa! Zinanuka mpira, kamba bado ngumu, vichwa vya misumari vinang'aa pembeni, na mimi natembea kando ya barabara kuu pale Mikumi nikitazama miguu yangu badala ya kutazama malori yanayoshuka kutoka Iringa. Katambuga. Za tairi la pikipiki. Naandika haya zikiwa miguuni, kabla hazijauzoea mguu wala mguu haujazizoea, kwa sababu tathmini ya kiatu ikisubiri miezi sita inakuwa ya kiungwana mno na furaha imeshapoa. Wenye subira watasoma ya mwingine. Hii ni ya moto.

Hukumu naitoa mapema: kwa shilingi elfu kumi sijawahi kuvaa kiatu cha wazi kilichonifurahisha hivi, na hata ukiongeza sifuri moja kwenye bei hiyo simwoni mshindani wa haraka. Ukitaka sababu, endelea. Ukitaka kofia, nayo ipo. Tena kofia ndiyo niliyoanza kuinunua.

Nilichokuwa nakitafuta hasa, lakini, ni raba. Nilikuwa na raba za swede, rangi ya udongo mwekundu, soli ya mpira wa kahawia, toleo maalumu lililotengenezwa mara moja, likauzwa, likafungwa. Jina la kampuni naliacha. Zilinifikia kwa njia ya belo la mtumba, nikazivaa mpaka swede ikang'aa magotini pa vidole, kisha soli ikafika mwisho wake. Anayejua mapenzi ya viatu vya aina hiyo anajua kinachofuata: unataka zilezile, si zinazofanana nazo. Na biashara ya toleo maalumu imejengwa juu ya kukunyima hizo zilezile. Mwaka 2017 Virgil Abloh alipochukua viatu kumi vya Nike na mwenzake Converse akavivunja na kuviunda upya katika mkusanyiko wa "The Ten", kuna watu waliingia kwenye droo ili wapate tu ruhusa ya kulipa. Aliyekosa akaenda kwa walanguzi.

Halafu kuna jambo ambalo walanguzi hawalitangazi. Baadhi ya raba zina soli ya kati ya poliyurethani, na poliyurethani inaliwa taratibu na unyevu wa hewani hata kiatu kikiwa kwenye boksi, hakijawahi kugusa ardhi. Joto linaharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo ukimpata mtu mwenye jozi mpya kabisa ya toleo la miaka kumi na mitano iliyopita, usirukeruke: unaweza kuivaa asubuhi na jioni ukawa unaokota makombo ya soli barabarani. Kiatu ulichokipenda kilikuwa kinazeeka sambamba na wewe, popote kilipokuwa. Hapo ndipo nilipoacha kusaka jozi iliyofichwa na mtu nikaamua kuingia sokoni, Kilosa.

Kwa nini Kilosa? Kwa sababu soko la Karume, Dar es Salaam, belo likifunguliwa alfajiri wachaguzi wameshajipanga, na kila kijana pale anajua bei ya kila nembo kuliko aliyeichapa. Kilosa wanunuzi ni wakulima, wafugaji, walimu, watu wa reli. Wanataka kiatu kitakachomaliza msimu. Kile kiatu cha ajabu, chenye rangi ambayo hakuna aliyeiomba, kinasukumwa pembeni ya turubai na kinabaki pale kikikusubiri. Na sasa kufika ni raha: treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, inapita Kilosa na kuingia kwenye mahandaki ya milima yake.

Sokoni nilifanya vipimo vyangu. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikibonyea na kubaki imebonyea, weka chini. Kunja kiatu katikati. Ukiona nyufa nyembamba pembeni, weka chini. Nusa. (Wauzaji wanacheka ukinusa. Waache wacheke.) Na kweli niliikuta! Swede, udongo mwekundu, soli ya kahawia, umbo lilelile karibu kabisa. Namba 40. Mimi 42.

"Kaka, hii haina ndugu," muuzaji aliniambia, na alikuwa hanidanganyi. Dunia nzima ya viatu inahangaika kutengeneza uhaba, wakati kwenye turubai la mtumba kila jozi ni toleo la jozi moja: namba ni hiyo, rangi ni hiyo, ukiiacha imekwenda. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuaga mtumba kidogo kidogo hadi 2019. Marekani ikakunja uso na kutaja AGOA, sheria yake ya nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika; Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko, wengine wakalegeza. Ndiyo maana turubai bado limetandikwa.

Sasa kofia! Hapa nipeni nafasi, maana hili ni tatizo la wanaume wengi na halizungumzwi. Mwanaume wa Kitanzania anayetaka kofia ya siku ya kawaida, ya kwenda dukani, ya kukaa kijiweni, ana uchaguzi mwembamba kuliko anavyodhani. Baraghashia ina heshima yake na mahali pake. Pama inataka mwili na sauti ya kuibeba. Mzula ni wa baridi, na Kilosa haina baridi. Inabaki kapelo, na kapelo nyingi zinapiga kelele: timu, benki, semina, mgombea. Kinachokosekana ni kofia iliyonyamaza.

Na kofia ya kwetu haiwezi kunyamaza kirahisi, kwa sababu hata rangi zina chama. Kwenye turubai lile kulikuwa na kapelo nzuri ya John Deere, kampuni ya matrekta ya Marekani, kijani na njano, neti nyuma, ukingo uliopinda vizuri. Nikaijaribu. Kabla sijaivua mmoja alishaniuliza kama natoka kwenye mkutano, na mwingine akanisalimia kwa jina la Yanga. Kule Illinois ni kofia ya mkulima. Hapa ni chama, ni klabu, na mkulima anakuja wa tatu. Nikairudisha kwa majonzi.

Onyo jingine, na hili si la mzaha: kapelo za mabakamabaka ya kijeshi. Belo zinazo, zinavutia, na nje watu wanazivaa wakienda kuvua samaki. Kwetu raia kuvaa mavazi yanayofanana na sare za jeshi ni kosa kisheria, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye nayo kuyasalimisha. Hata ikiwa bei ya bure, iache palepale.

Kisha nikafukua chini. Kodrai! Kahawia iliyoiva, paneli sita, kifungo cha shaba nyuma, mistari ya kodrai imesimama wima bila upara hata mmoja isipokuwa pale mbele, ambapo palikuwa na nembo na mtu fulani, katika nchi fulani, aliifumua uzi kwa uzi. Imebaki alama hafifu ya tundu za sindano. Kofia iliyonyamazishwa kwa mkono! Nilipoigonga ukingo kwa ukucha ulilia kavu, plastiki, si kadibodi, maana yake inafulika. (Kofia za zamani zina kadibodi ndani ya ukingo, ukizitia kwenye beseni unatoa kitambaa kilicholegea.) Kina chake ndicho kilichonimaliza: inafika juu ya masikio tu, haivimbi juu ya paji, haikusukumi sura. Shilingi elfu tatu. Niliilipa haraka hadi muuzaji akanitazama mara mbili.

Raba nilizikosa, nikasogea Mikumi, na kutoka Kilosa kwenda Mikumi unapita Ulaya. Ndiyo, Ulaya, kata ya Wilaya ya Kilosa, na nilipita pale nimevaa kofia ya mtumba bila kuulizwa viza.

Mikumi wengi wanaijua kwa dirisha la basi: hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, barabara inayoikata kwa kilomita kama hamsini, twiga upande huu, nyumbu upande ule, kisha mji wa chipsi, malori na gereji. Wapenzi wa muziki watakumbuka pia kwamba jimbo hili liliwakilishwa bungeni na Profesa Jay kuanzia 2015 hadi 2020. Kizazi chake cha Bongo Fleva ndicho kilichotufundisha wengi wetu kwamba kapelo na raba ni mavazi kamili. Kwa msaka mitindo, lakini, utajiri wa Mikumi uko gereji. Tairi zinafia hapa.

Fundi wangu alikuwa chini ya kibanda, kisu kirefu, kopo la maji, gogo. Maji ni ya kisu: mpira mkavu unakamata ubapa, uliolowa unateleza, na mkato unatoka laini. Nilimwonyesha raba zangu zilizokufa. Akazigeuza, akabonyeza soli kwa gumba (kipimo kilekile!), akanirudishia. "Hizi zimekwisha, bosi wangu. Leta mguu."

Nilidhani atachukua tairi la lori. Hapana. Tairi nyingi za kisasa za magari ni za aina ya radial, zina nyaya za chuma ndani, zinaua kisu na nyaya zikichomoza zinauma mguu. Za pikipiki zimejaa nyuzi za nailoni, zinakatika kwa adabu. Tena tairi la pikipiki lina mviringo wake, hivyo soli inajiinua yenyewe mbele na nyuma kama ngalawa, na mguu unabingirika badala ya kupiga chini kwa kishindo. Wafugaji wa vijiji vya Parakuyo na Twatwatwa, wilayani Kilosa, wanatembea na kiatu hiki kutwa nzima nyuma ya ng'ombe, juu ya miiba, na hakuna maabara ya raba iliyofanya majaribio marefu kuliko hayo.

Na sasa kile kilichonifanya niruke! Tairi la nyuma la pikipiki ya Boxer, lile lililoandikwa 3.00-17, lina mzingo wa karibu mita 1.8. Kwa mguu wa namba 42 linatoa soli sita. Jozi tatu. Basi. Soli zangu zina michirizo ya tairi lile, zimelika upande mmoja zaidi kwa jinsi mwenye pikipiki alivyozoea kuegemea, na duniani zipo jozi nyingine mbili tu za ukoo huo. Hili ni toleo maalumu ambalo hakuna aliyelipangia tangazo. Tofauti na yale ya maboksi ni kwamba likiisha, fundi anavuta tairi jingine, na mguu wangu anaujua.

Nikiwa nafungwa kamba niliwaza kuhusu mji wa Morogoro, ambako miaka ya 1970 kilianza kujengwa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ziuzwe Ulaya, ile nyingine. Kuta za aluminiamu, bila mfumo wa kupitisha hewa, kwenye joto la Morogoro. Hakikufikia hata asilimia 10 ya uwezo huo, na mwaka 1990 kilifungwa. Kopo la maji na gogo vinaendelea na kazi.

Mavazi: zivae na suruali ya kitambaa iliyokatwa juu kidogo ya kifundo, shati lisilochomekewa, na ile kodrai ya kahawia. Mpira mweusi chini, kodrai juu, katikati pakae kimya. Usivae soksi. Usivae kaptura yenye mifuko mingi, utafanana na mgeni aliyepotezwa na gari la hifadhi.

Kasoro zipo, na nazitaja nikiwa bado nimelewa furaha. Kamba inayopita kati ya kidole gumba na cha pili inachoma; niliambiwa nipake mafuta kidogo na niwe mvumilivu. Juu ya sakafu ya vigae iliyolowa zinateleza. Zina mlio, kwenye korido ya ofisi kila mtu atajua umefika. Na jua la saa saba linaupasha mpira moto, kwa hiyo ukizivua mlangoni ziweke kivulini.

Wenye mguu mpana, sikilizeni kabla hamjapanda basi. Tairi la mbele la Boxer kwa kawaida ni 2.75, jembamba, kidole kidogo kitaning'inia nje. Mwambie fundi mapema unataka la nyuma, na simama kwa uzito wako wote anapochora.