Hongera, Fundi wa Kukereza

Mpini wa bomba la bia unaotengenezwa kwa mkono huanza na mti mgumu na fundi asiye na papara. Mafundi hao tunao Dar es Salaam. Keko wanakereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, wanachonga vyuma na kukata meno ya bolti. Anayetaka mpini wenye umbo la mnazi au jahazi kwa baa yake ya nyumbani atawapata mafundi wote wawili kwa safari fupi ya bajaji.

Mimi navutiwa zaidi na kukereza. Kipande cha mninga kinazunguka, patasi inakigusa, maranda yanaruka, na mviringo unajitokeza. Mpingo ni shughuli nyingine kabisa: moyo wake mweusi huzama majini kwa uzito, na hula makali ya patasi upesi. Ndio mti uleule ambao Ulaya hutengenezea klarineti. Anayeukereza bila kuupasua alipwe bei anayoitaja.

Ufundi usioonekana uko kwenye tundu la chini ya mpini, linaloingia bolti ya bomba. Mabomba mengi ya Kimarekani hutumia bolti ya inchi 3/8 yenye meno 16 kwa kila inchi. Tundu likienda upande, mpini mzima unainama. Kwa hiyo fundi makini hutoboa kwanza, ndipo akereze akifuata tundu hilo. Ndani hugandisha nati ya shaba kwa gundi kali, kwani meno ya mbao tupu hulika. Kisha msasa, halafu vanishi isiyopitisha maji, maana mkono wa mmiminaji huwa umelowa.