Arshivu ya mawe, lakini udongo uko wapi?

Wandugu, tangu mwaka 2025, kampuni ya Marekani KoBold Metals ilipotia sahihi na serikali yetu, watu wanazungumza sana juu ya arshivu za jiolojia ya Kongo zinazolala Tervuren, pembeni ya Bruxelles. Mapatano yale yanasema habari za jiolojia ziingizwe ndani ya kompyuta na zifunguliwe kwa wote kupitia Service Géologique National du Congo. Mabishano ni yale yale: nani atapiga skani, nani atasoma wa kwanza. Miye niko na ulizo lingine: makaratasi yale yaliandikwa kwa kujibu ulizo la nani?

Tuseme ukweli, ile kazi ni kubwa. Jules Cornet alifika Katanga mwaka 1892 pamoja na msafara wa Bia na Francqui, akaandika tabaka za mawe vizuri hata wanajiolojia wetu bado wanamtaja. Kisha likaja Comité Spécial du Katanga mwaka 1900, na Union Minière mwaka 1906. Karatasi ya sondaji inakupa namba, kina, rangi ya jiwe, metre kwa metre. Siye wa agronomi tunaona wivu.

Lakini arshivu inamjibu ule aliyelipa. Na ule aliyelipa aliuliza: mukuba uko wapi, ni ngapi kwa mia, utatoka kwa njia gani? Njo maana kijito kinaonekana kwenye ramani sababu kiwanda kinahitaji maji, lakini shamba la mtu halionekani. Kalukuluku wazee walikuwa wanachimba mbele iitwe Étoile. Habari zao za kuyeyusha shaba Monseigneur de Hemptinne alizichapisha mwaka 1926, na mpaka leo tunazisoma kama mambo ya mila, rafu ingine kabisa, kama vile wale wazee hawakujua jiolojia! Mimea pia: mwaka 1958 Paul Duvigneaud aliandika juu ya mimea ya udongo wenye metali, na ua dogo Haumaniastrum katangense limesaidia watafiti kupata mahali pa tanuru za zamani. Jiwe, ua na tanuru ni habari moja. Siye tumezigawa katika fakulte tatu.

Hii si maneno ya darasani tu. Kwa mémoire yangu ya lisanse nilitaka kujua bustani moja, chini ya upepo wa kiwanda cha zamani cha shaba hapa Lubumbashi, ilikuwa na shaba ngapi mbele ya tanuru la kwanza la 1911. Kwetu jiwe lenyewe liko na shaba. Utatofautishaje shaba ya asili na shaba ya moshi? Bila kipimo cha mbele, mwenye kiwanda atasema siku zote: ilikuwa vile. Nilipeleka barua kwa ofisi moja. Kisha wiki sita wakanijibu kwamba dosye iko Ulaya, na nakala ya hapa mchwa wameimaliza. Mama mwenye bustani akaniuliza: «Mutoto yangu, nilime lenga-lenga hapa ao niache?» Nikanyamaza. Miaka mitano ya inivesite, nikanyamaza.

Kwa hiyo kupiga skani peke yake hakunifurahishi. Kama orodha inabaki ya zamani, tutakuwa tumehamisha ulizo la 1906 ndani ya mashini mpya. Ule anayetafuta kobalti ataandika neno moja na atapata. Ule anayetafuta udongo hatapata kitu, hata kama karatasi ya sondaji inaanza na udongo wa juu, kabla ya kufika kwenye mwamba. Habari iko, lakini hakuna aliyeipa jina. Orodha mpya iandike pia udongo, maji na majina ya vijiji, na wanaoitengeneza wasiwe wanajiolojia peke yao.

Ninyi munaoandika mémoire mwaka huu, musingoje Kinshasa na Bruxelles wapatane. Ramani za udongo na mimea za INEAC zilianza kutoka mwaka 1954, na ziko na kitabu cha maelezo. Anzieni pale. Miye naandika barua ya pili, safari hii kwa Tervuren yenyewe. Siombi mukuba. Naomba metre mbili za kwanza za kila sondaji iliyofanywa pembeni ya mto Lubumbashi.