Neno Lililokosekana kati ya Kaini na Habili

Katika sura ya 4 ya kitabu cha Mwanzo imo aya moja, ya 8, ambayo wafasiri wengi huona taabu kuiacha ilivyo. Matini ya Kiebrania iliyohifadhiwa na Wamasora yasema kwamba Kaini alimwambia Habili nduguye, alilomwambia halimo. Mara wako kondeni, na mmoja amekwisha kuuawa. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, na matini ya Wasamaria vilevile, zimeliziba pengo kwa mwaliko wa kwenda kondeni. Huenda mnakili aliruka maneno. Lakini kiraka hicho chamfanya Kaini mlaghai aliyepanga, shitaka ambalo Kiebrania kilivyo hakimtwishi.

Uzito wa kisa umo katika neno ndugu, litajwalo mara 7 tangu aya ya 2 hadi ya 11. Kiswahili hapa chapata hasara, maana ndugu ni jamaa pia, na hata mwenzi wa chama. Hata hivyo mfasiri asilipunguze hata mara moja kwa ajili ya ulaini wa sentensi: kurudiwa kwake ndiko kumshitakiko Kaini.

Gumu zaidi ni neno avoni katika aya ya 13, lenye maana ya kosa na ya adhabu yake pia. Achaguaye adhabu amsikia Kaini akinung'unika. Achaguaye kosa amsikia akikiri. Neno hatia, ijapokuwa halitoshi, lingemwachia msomaji kuamua.