Kuimba Kupokezana

Studio ya muziki kwa kawaida hutenganisha watu. Mpiga ngoma huja na kazi yake leo, mwimbaji huingia kesho, kwaya huitwa wiki ijayo, na kila mmoja humsikia mwenzake kwa vipokea sauti vya masikioni. Baadaye fundi huviunga vipande hivyo, na kikohozi chochote kilichopenya hufutwa. Kuna muziki unaostahimili utaratibu huo bila kupoteza kitu. Gospeli ya Wamarekani Weusi haimo, na hakuna rekodi inayolionyesha hilo vizuri zaidi ya *Amazing Grace* ya Aretha Franklin.

Ilirekodiwa jioni mbili, Januari 13 na 14, 1972, katika kanisa la New Temple Missionary Baptist mjini Los Angeles, jengo lililowahi kuwa ukumbi wa sinema. Aretha alikuwa na miaka 29, na tangu "Respect" ya mwaka 1967 nyimbo zake zilikuwa zikipigwa redioni kila mahali. Angeweza kuimba nyimbo za dini studioni, kwa utulivu, akirudia mstari mpaka unyooke. Alichagua kuziimba mbele ya waumini, kwa sababu ndiko alikojifunza. Baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, alikuwa mhubiri mashuhuri wa kanisa la New Bethel huko Detroit, ambaye mahubiri yake yaliuzwa kwenye santuri, na rekodi za kwanza kabisa za binti huyu zilifanywa kanisani humo mwaka 1956, akiwa na miaka 14.

Mwongoza ibada wa Los Angeles alikuwa Mchungaji James Cleveland, aliyemfahamu Aretha tangu utotoni Detroit na kuwa mmoja wa walimu wake wa muziki. Kabla ya kuanza, Cleveland aliwakumbusha watu kwamba wamekuja ibadani, kisha akawahimiza waitikie bila kujizuia. Maneno hayo yanafanana na tangazo la kawaida, lakini ndiyo msingi wa rekodi nzima. Waliokaa kwenye viti walikuwa wamekabidhiwa sehemu yao ya kuimba.

Usikilize wimbo uliobeba jina la albamu. Kwa mwendo wa kawaida wa kitabu cha nyimbo, dakika tatu au nne zinautosha. Aretha anachukua karibu dakika kumi na moja, na hakuna beti zilizoongezwa. Urefu wote umo ndani ya silabi. Anaishika moja, anaipandisha, anaipindisha, anaiteremsha kwa ngazi ndogondogo, na unapodhani amefika, anapita njia nyingine. Wabaptisti Weusi wa kusini mwa Marekani wana desturi ya zamani ya kuimba hivi: kiongozi anatoa mstari, kusanyiko linaupokea na kuuvuta polepole, bila kipimo cha ngoma, kila mtu akiupamba kwa namna yake. Aretha anaibeba desturi hiyo kwa koo moja.

Ufundi wenyewe uko katika kusubiri. Baada ya kila kifungu ananyamaza, na kimya hicho hakibaki kitupu. Kinanda kinajibu kwa sauti chache, mtu anaguna, mwingine anaita kutoka nyuma, ndipo Aretha anaendelea, na kifungu kinachofuata huwa kimebadilika kwa sababu ya alichojibiwa. Anapopata mwitikio mkubwa hakimbilii kupiga kelele zaidi. Mara nyingi anashusha sauti, anawaacha watu wamfuate huko chini, halafu anapanda nao. Mwimbaji asiye na uzoefu angemaliza nguvu zake dakika ya pili. Katikati ya wimbo huo Cleveland alishindwa kujizuia; akaketi, akafunika uso kwa kitambaa na kulia.

Katika "Mary, Don't You Weep" kazi imegawanywa kwa namna nyingine. Kwaya ya Southern California Community Choir, chini ya Alexander Hamilton, inashika mwendo wa pole unaoyumba, makofi yakitua palepale kila mara. Aretha anasimulia juu ya mwendo huo kisa cha Lazaro, nusu akiimba na nusu akizungumza kama mhubiri. Kwaya haishindani naye. Inarudia pambio lake kwa uthabiti ule ule, na uthabiti huo ndio unaompa uhuru wa kuchelewa, kuwahi, au kuliita jina la Lazaro tena na tena kana kwamba kaburi liko mbele yake. Hamilton aliifanyisha kwaya mazoezi ya kutosha kabla ya jioni hizo, na bila mazoezi ya namna hiyo hakuna kiongozi anayethubutu kuiacha njia iliyopangwa.

Wapigaji nao walikuwa mabingwa wa soul: Bernard Purdie kwenye ngoma, Cornell Dupree kwenye gitaa, Chuck Rainey kwenye besi. Purdie na Dupree walikuwa wamempigia Aretha ukumbini Fillmore West huko San Francisco mwezi Machi 1971, kwenye rekodi nyingine maarufu ya moja kwa moja. Hapa wanapiga kwa adabu. Ken Lupper kwenye ogani, Pancho Morales kwenye tumba na Cleveland kwenye piano wanaachiwa nafasi, na Rainey anapiga noti chache kuliko anazoweza. Wanapoachiwa kukimbia, kama katika "Old Landmark", ndipo unapogundua ni nguvu kiasi gani ilikuwa imewekwa akiba.

Uchaguzi wa nyimbo unaonyesha jinsi ukuta kati ya soul na kanisa ulivyokuwa mwembamba. Jioni ya kwanza Aretha anafungua kwa "Wholy Holy" ya Marvin Gaye, iliyotoka mwaka uliotangulia. Wimbo wa Carole King kuhusu rafiki wa kutegemewa anauoanisha na "Precious Lord" ya Thomas Dorsey, iliyotungwa mwaka 1932 baada ya Dorsey kufiwa na mkewe na mtoto wao mchanga. Yumo pia rafiki mwingine: "What a Friend We Have in Jesus", ambao tuni yake waimbaji wa *Tenzi za Rohoni* wanaijua tangu utotoni. Watakaoisikia humu wataitambua, kisha watashangaa jinsi mdundo ulivyoigeuza.

Ukuta huo ulikuwa umevukwa hata upande wa pili. Januari 1963, Sam Cooke, aliyekuwa ametoka kwenye kundi la gospeli la Soul Stirrers, alirekodiwa katika Harlem Square Club mjini Miami. Nyimbo ni za mapenzi, lakini namna anavyowavuta watu wamjibu ni ya kanisani tupu. Kampuni yake iliiweka kabatini rekodi hiyo mpaka 1985, kwa kuwa ilikwaruza mno ukilinganisha na sauti laini iliyomuuzia santuri. Mikwaruzo hiyo ndiyo inayoipa heshima leo.

*Amazing Grace* haikungoja hivyo. Iliuza zaidi ya nakala milioni mbili na kuwa albamu iliyouzwa kuliko zote za Aretha. Iliyongoja ni filamu ya Sydney Pollack ya jioni zile zile: wapiga picha hawakuweka alama za kuoanisha picha na sauti, na haikuonyeshwa rasmi mpaka 2018, baada ya Aretha kufariki Agosti mwaka huo. Ndani yake tunamwona Mchungaji Franklin akimfuta jasho binti yake, ambaye yuko kwenye piano akiimba "Never Grow Old", wimbo aliourekodi akiwa msichana wa miaka 14.

Siku hizi kwaya nyingi zinazorekodi ibada huyafuta makofi na sauti za waumini ili zisikike safi kama za studio. Zinafuta nusu ya wimbo. Kuimba kupokezana, na anayepokea naye ni mwimbaji. Fundi anayejua kazi yake humwekea maikrofoni.