Visa Visivyo na Kisa: Habari za Korona na Mwanafunzi wa Mpakani

Tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi, na taarifa ya habari tunaiacha ipite. Hali taarifa nayo ni utungo: ina msimulizi, ina wahusika, na hugusa moyo wa msikilizaji. Katika makala haya tunaitazama lugha ya habari za korona iliyowafikia wanafunzi wa vyuo vikuu huko Busia na Tororo.

Machi 2020, Kenya na Uganda zilifunga vyuo. Wanafunzi wa Busitema, upande wa Uganda, na wa Alupe, upande wa Kenya, walirudi makwao bila kujua siku ya kurejea. Aliyekaa mpakani alisikia hesabu mbili, ya Nairobi na ya Kampala. Ndani yake walitajwa madereva wa malori waliopimwa Malaba na Busia. Mei 2020, Uganda iliwaondoa madereva wa kigeni katika jumla yake. Tarakimu ikapungua, lakini malori yaliendelea kupita palepale.

Kasoro ya kwanza ni neno "visa". Kisa ni mkasa wenye chanzo na mwisho. Watangazaji walisema "visa vipya", lakini aghalabu hatukuambiwa kama dereva yule aliugua au alikuwa na virusi tu, wala kama alipona. Kijana ambaye mjomba wake ni dereva aliachiwa kuumaliza mkasa peke yake, na hofu ndiyo iliyomtungia mwisho.

Kasoro ya pili ni marudio. Kibwagizo hulipamba shairi. Tarakimu ya vifo ikirudiwa redioni na katika simu kutwa kucha, huchosha akili na kufukuza usingizi. Ndiyo maana Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri habari hizo zitafutwe mara moja au mbili tu kwa siku.

Hatusemi habari zingefichwa, kwani penye kimya uvumi hushika usukani. Tena matangazo rasmi ya Nairobi yalitaja sampuli zilizopimwa na watu waliopona. Vichwa vya habari ndivyo vilivyochagua tarakimu ya kutisha.

Walimu wenzetu, hatuna budi kuipeleka taarifa ya habari darasani, isomwe kwa makini kama isomwavyo hadithi. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "kati ya wangapi?" na "kisha ikawaje?" hatatishwa ovyo na tarakimu.